Mabruki, Kocha wa Kukwepa

Ukimtaka Mabruki wa Gando wakati wa kazi, tazama kwanza kazi yenyewe iko wapi, kisha nenda upande wa pili. Utamkuta huko, kakaa kitako, anajipepea kwa kipande cha boksi. Watu wa Gando husema hivyo, wala hawamsingizii mwana wa watu. Msimu wa karafuu ukiingia, mgongo wake nao huingia maradhi. Karafuu zikishachumwa, zikaanikwa, majamvi yakakunjwa, Mabruki hupona, alhamdulillahi, bila ya dawa wala daktari. Pakitokea msiba, yeye huwa wa mwanzo kufika na wa mwisho kushika jembe. Husimama juu ya kaburi akawaelekeza wenziwe, "Hapo kushotoni, yakhe, pamepinda hapo," na jembe likitaka kumfikia mkononi utamsikia anauliza kama sanda imeshaletwa, huyo, anakwenda kuiulizia. Kaoa mara mbili. Mke wa kwanza alichoka kumtafuta, wa pili alichoka kumpata. Sasa anakaa chumba cha uani kwa dada yake, Bimkubwa, ambaye humlisha na kumsema, vyote viwili kila siku.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuna pahala hapa Pemba ambapo mtu akikwepa hupigiwa vigelegele, napo ni kwenye mchezo wa ng'ombe. Mpunga ukishavunwa na mabonde yakikauka, fahali hutiwa kamba ndefu akaletwa uwanjani, zumari ikalia, wanawake wakaimba, na kijana mwenye roho yake akajitokeza na kanga mkononi kumchokoza. Sharti la mchezo ni moja tu: fahali afike ulipo, na akifika usiwepo. Hapo sasa Mabruki alikuwa bingwa, wallahi. Alikuwa akisimama ubavu ubavu, kiuno kimoja juu, akimngoja mnyama mpaka pembe nusura zimguse kitovu, ndipo mguu wake wa mbele ufunguke nje, kifua kigeuke, na fahali apite na hewa. Waliokuwa karibu wanasema macho alikuwa kayafumba. Wanawake waliopiga vigelegele walikuwa mbali, kwa hiyo hawakuyaona macho.

Alipopindukia hamsini magoti yakamwambia basi, bwana, yatosha. Akabaki na hadithi. Kila jioni barazani ilikuwa fahali huyu, fahali yule, na mafahali wakizidi kukua kila mwaka, mpaka rafiki yake Ngwali, mwenye ng'ombe wake mwenyewe na anayemjua ng'ombe urefu wake, akawa anaomba radhi anakwenda kulala mapema. Mabruki alianza kuzeeka vibaya. Hakuna kitu kibaya kama mtu aliyezoea kutazamwa kisha hatazamwi tena.

Ndipo ikaja sofboli.

Skuli ililetewa mfuko mrefu wenye magongo ya kupigia, glavu za ngozi na mipira mikubwa kiasi cha balungi changa. Mwalimu aliyepangiwa kuufundisha mchezo huo akahamishiwa Unguja hata mfuko hajaufungua. Wakubwa wakatangaza wanataka mtu yeyote wa kijijini mwenye uzoefu wa michezo. Mabruki akavaa kanzu yake iliyopigwa pasi, akenda, akawaambia anao uzoefu wa miaka ishirini, ila hakuwaambia wa mchezo gani, nao kwa heshima ya mvi zake hawakumuuliza. Akapelekwa semina Chake Chake. Siku ya kufundishwa kupiga ndiyo siku iliyopikwa pilau, na Mabruki alikuwa kachagua kiti cha karibu na mlango wa jikoni. Alirudi Gando na suti ya michezo ya buluu, kofia, filimbi shingoni, na jina jipya la Kocha. Tokea hapo ukimwita Mabruki hasikii. Ukimwita Kocha husikia hata akiwa msalani.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Mrushaji huutupa mpira kwa mkono wa chini, mpigaji husimama pembeni mwa kibao kilicholazwa chini na gongo lake begani, mpira ukipita juu ya kibao aubamize uende mbali, kisha akimbie. Basi. Kinachotaka kujuliwa ni jinsi ya kulizungusha gongo, na hapo ndipo Kocha wetu alipoleta elimu yake.

"Wanangu," aliwaambia wasichana siku ya mwanzo, filimbi ikicheza kifuani, "mpira na fahali ni baba mmoja, mama mmoja. Wote wawili wanakuja na hasira. Mwenye akili hampi mwenye hasira tumbo lake. Mguu wa mbele fungua nje, hivi! Kifua geuza, hivi! Uache upite, na wakati unapita, uchape ubavuni. Hiyo ndiyo sofboli."

Wasichana wakafungua miguu nje. Walifungua vizuri mno, kwa sababu watoto wa kike wa Pemba wote wamelelewa na nage, mchezo ambao aliyeguswa na mpira ndiye aliyekufa. Miili yao ilishajua kuuhepa mpira kabla hawajajua kusoma. Mabruki hakuwafundisha kukimbia, aliwapa ruhusa tu, akawaongezea na mikogo. Ukipita uwanjani saa kumi za jioni ungeona wasichana kumi na kitu na mitandio yao na suruali ndani ya magauni, mpira ukija wote wanaruka pembeni kama waliokanyaga kaa la moto, na gongo linaupapasa mpira kwa ncha. Mpira unaanguka pale pale. Kocha anapiga makofi.

Miongoni mwao alikuwamo Rahila, mtoto wa Bimkubwa mwenyewe, msichana wa miaka kumi na mitano. Huyu alikuwa kitu kingine. Mikono yake imekazwa na mchi wa kutwangia na kamba ya kisima, jicho lake kali, na akirusha mpira, anayeudaka hutikisa mkono kwa maumivu. Mwili wote ulikuwa wa kupiga. Na mwili wote, kila mpira ukija, ulikwenda upande wa Wete, gongo likabaki nyuma linaomba kusubiriwa.

"Mjomba," alimwambia siku moja, "mbona nikifungua mguu gongo halifiki?"

"Halifiki kwa sababu hujaringa."

"Kuringa vipi?"

"Kiuno, mwanangu, kiuno! Unakwepa kama mtu aliyepigiwa kelele. Kwepa kama mtu anayetazamwa."

Rahila akaringa. Mpira ukapita, gongo likapita, havikuonana. Mabruki akasema sasa unaanza kupata.

Mtoto alikuwa na adabu. Mjomba ni mjomba, na aliyemzaa mama yako ndiye aliyemzaa yeye. Akifika nyumbani usiku alilala akijilaumu, akidhani lililopungua ni lake. Hilo ndilo linaloudhi katika mambo haya ya ualimu: mwalimu mbovu hukosea yeye, akaumwa na kichwa mwanafunzi.

Mabruki alipoona maendeleo yanasuasua, akaazima ndama dume wa Ngwali, kijana mwenye pembe zilizoanza kutoa ncha, akamleta uwanjani ili wasichana wajifunze kutoka asili ya elimu yenyewe. Kwa haki, hapo walifaulu. Ndama alimwendea mmoja, hayupo, akamwendea wa pili, hayupo, mpaka alipochoka na watu wasiopatikana, akaingia bustani ya skuli na kula mchicha wote wa walimu. Mwalimu mkuu alipotoka kuuliza ni nani aliyemleta mnyama huyu, Kocha alikuwa kashakwenda kutazama kama adhana imekaribia. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi.

Mwezi uliofuata ikaja habari. Timu ya wasichana ya Zanzibar inakwenda kucheza Dar es Salaam, na kocha wake mkuu, Bi Zuweina wa Unguja, atavuka kuja Pemba, uwanja wa Micheweni, kuchagua mpigaji mmoja wa kutoka kisiwani huku. Mmoja tu. Na atakayechaguliwa atasafiri na kocha wake, wote wawili kula na kulala juu ya chama cha mchezo.

Kwa Rahila lilikuwa jambo la kufa na kupona. Baba yake, Masika, mkulima wa muhogo asiye na maneno mengi, alikuwa keshatoa kauli yake mbele ya sahani ya wali. "Mwaka mzima nimevumilia watu wananiuliza mwanangu anakimbilia nini jioni na gongo mkononi. Ukichaguliwa, nitajua ni riziki yako, nami nitawajibu. Usipochaguliwa, gongo lirudi skuli, nawe jioni ukae na mama yako. Sitaki kulisikia tena." Masika hakuwa mtu mkali, lakini akisema neno halirudi, na Rahila alilijua hilo. Mchezo ule aliupenda kuliko kitu chochote alichopata kukishika. Alipenda uzito wa gongo, alipenda kelele za wenziwe, alipenda jinsi mtu anavyoruhusiwa kupiga kitu kwa nguvu zake zote na asiambiwe punguza.

Kwa Mabruki lilikuwa jambo la suti. Alikuwa hajavuka bahari kwenda bara tokea azaliwe, na mara moja Gando nzima ikajua kuwa anavuka. Akaagwa barazani. Akaazima begi la magurudumu, akawa analiburura uani kujaribu magurudumu yake, krrr, krrr, mpaka Bimkubwa akatoka na mwiko mkononi.

"Mabruki, mtoto hata hajachaguliwa, weye ushafunga mizigo?"

"Dada, aliyefundishwa na mie hachaguliwi? Hebu nawe!"

"Haya. Mie nakwambia kitu kimoja. Mtoto huyu baba yake keshaapa. Ukimharibia hilo lake, mie na weye tutajuana."

"Nitakuwa pembeni yake hatua kwa hatua," alisema Mabruki, akaweka mkono kifuani. Na tumwamini: wakati akiyasema, aliyasema kwa moyo. Alimpenda mtoto yule. Alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani kwenda kutazama ng'ombe, na Rahila ndiye mtu pekee nyumbani mle aliyekuwa bado anazisikiliza hadithi za mafahali mpaka mwisho. Maneno ya Mabruki siku zote ni ya kweli mpaka pale yanapodaiwa.

Siku ikafika. Uwanja wa Micheweni una ardhi ngumu ya mawe yanayochungulia, na jua lilikuwa limeshapanda. Watu walikuwa wengi, maana neno la wasichana kupiga mipira kwa magongo lilishaenea mpaka Shumba. Bimkubwa alikuja na kanga zake mpya, akakaa na wanawake chini ya turubai. Mabruki hakukaa na watu. Alijiwekea kiti mstari wa mbele, suti ya buluu imepigwa pasi mpaka mikunjo yake ikasimama, anamsalimia kila apitaye kama bwana harusi.

Bi Zuweina alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, kofia juu ya ushungi, sauti yake ya chini ya Kiunguja unayolazimika kunyamaza ili uisikie. Hakusema sana. Mpigaji akija alimtazama miguu kwanza, uso baadaye. Wasichana wa Micheweni wakapiga, wa Wete wakapiga, mmoja mmoja, wengine vizuri kidogo, wengine hivyo hivyo. Hakuna aliyemfanya aondoe mikono nyuma ya mgongo.

Akaitwa Rahila.

Alisimama pembeni mwa kibao, gongo juu, na mabega yale yalivyokaa Bi Zuweina akasogea hatua moja mbele. Mrushaji akazungusha mkono, mpira ukaja. Mguu wa mbele wa Rahila ukafunguka nje, kifua kikageuka, kiuno kikaringa kama alivyofundishwa. Gongo likakata upepo. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akaugusa kwa ncha, ukadondoka miguuni mwa mdakaji kama embe bovu. Vijana waliokaa juu ya ukuta wakaanza.

"Anamkimbia nani huyo?"

"Mpira umemwambia neno baya!"

"Mpeni njia, ana safari!"

Uwanja mzima ukacheka. Uso wa Rahila ukawaka. Akarudi mahali pake, akakaza meno, akakwepa vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Bi Zuweina akanyanyua mkono kumzuia mrushaji, akamwendea.

"Mwanangu, mpira unakutisha?"

"Hapana, Bi."

"Mbona basi mpira unakuja hapa, na mguu wako unakwenda kwenu?"

"Ndivyo nilivyofundishwa, Bi."

"Nakuuliza nikiwa na sababu," alisema Bi Zuweina, na alisema kwa sauti ya kusikika sasa, ili kila aliyekuwapo afahamu. "Kosa la kufundishwa ni jepesi, siku mbili nitakuwa nimeshaliondoa. Woga sina dawa yake. Mwoga simchukui Dar. Nani kakufundisha?"

Rahila hakutaja jina. Alimtazama tu mjomba wake, na uwanja wote ukayafuata macho yake mpaka kwenye suti ya buluu. Bi Zuweina akageuka.

"Wewe ndiye kocha wa Gando? Wewe uliyemfundisha mguu huu?"

Haya sasa. Lilikuwa neno dogo kuliko yote aliyopata kudaiwa maishani. "Ndiyo, Bi, ni mie, nimemfundisha vibaya, mtoto hana kosa." Basi. Hata adhabu hakuna, mwanamke wa watu hakukasirika, alikuwa akimwonesha mlango ulio wazi. Na Mabruki aliuona. Aliuona vizuri sana, na akamwona Rahila na gongo lake, akajua kuwa mtoto amesimama pale kwa ajili ya ujinga wake yeye, na kwamba neno moja litamtoa. Lakini akawaona na vijana wa ukutani. Wameshaacha kumcheka Rahila, wanamtazama yeye, midomo iko tayari. Kikampanda kitu kifuani, kile kile cha pembe zinazokaribia kitovu. Moyo ukamwambia simama. Mwili haukuwahi kuusikiliza moyo hata siku moja.

"Mie, Bi?" alisema, na akachekacheka. "Hasha! Mie mbeba magongo tu. Naisaidia skuli kubeba vifaa. Huyu mtoto tumehangaika naye, ni mwoga tangu mdogo. Hata si kosa lake, maskini. Kwao ndivyo walivyo."

Chini ya turubai Bimkubwa akasimama.

"Kwao wapi, Mabruki? Kwao si ndiko kwenu, mwana usiye haya weye?"

Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka ukutani. Mabruki akacheka nao, akaitengeneza kofia yake, akajifanya anahesabu glavu. Bi Zuweina hakucheka. Alimtazama Rahila kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Basi, mwanangu. Pumzika. Umejitahidi."

Rahila hakuondoka. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini asikudanganye mtu, hayakuwa ya huzuni. Ilikuwa ghadhabu tupu. Ameambiwa mwoga, mbele ya watu, na mtu ambaye mwaka mzima alimwambia huko kukimbia ndiyo ufundi.

"Mie si mwoga, Bi. Naomba mpira mwengine."

"Mguu utakwenda wapi?"

"Niambie uende wapi."

Bi Zuweina akamtazama kidogo. Akakiinamia kibao, akachora mstari mavumbini kutoka mguu wa Rahila moja kwa moja kwa mrushaji.

"Huku. Hatua fupi, kumwendea. Uzito ubaki mguu wa nyuma mpaka mpira uje, kisha nyonga ndiyo itangulie, mikono ifuate. Macho yasiuache. Ukimaliza, tumbo lako limtazame mrushaji. Unampa tumbo, umefahamu? Humfichi kitu."

"Nimefahamu, Bi."

Mpira ukaja. Ulikuja vibaya, umempotea mrushaji, unamfuata mtoto mwilini. Mguu wa Rahila ukaenda mbele, juu ya mstari, ukakaa. Mpira ukampiga pajani, pwa! Wanawake wakaguna. Yeye akajisugua kwa kiganja mara moja, akarudisha gongo begani.

"Mwengine," alisema.



Ukaja mwengine, mzuri huu, juu ya kibao. Mguu mbele, mfupi. Nyonga ikageuka, mabega yakafuata, mikono ikaja nyuma yake na hasira zote za mwaka ule, na gongo likaukuta mpira katikati. Mlio wake waliokuwa sokoni waliusikia. Mpira ukapanda, ukapita juu ya mdakaji wa mbali, ukapita mwisho wa uwanja, ukaangukia kwenye mihogo ya watu. Alipoletewa mwengine akaupeleka huko huko. Mwengine tena ukaenda mbali zaidi, na mwenye mihogo akaonekana anakuja mbio kuuliza kuna nini. Bi Zuweina alikuwa ameshaondoa mikono nyuma ya mgongo. Alikuwa kaishika kofia yake, anacheka peke yake.

Hakuwasumbua watu kwa kuwaweka mpaka jioni. Wasichana walipomaliza aliwakusanya, akawashukuru, akasema, "Wa Pemba ni Rahila Masika, wa Gando."

Bimkubwa akapiga kigelegele kilichompotezea sauti kwa siku mbili. Wenziwe wakamrukia Rahila, wakamvua kofia, wakamvika, wakamvua tena. Na katika kelele zile, sauti moja ikazipita zote.

"Si niliwaambia! Si niliwaambia, jamani! Mkono wa Kocha huo!"

Mabruki alikuwa keshafika katikati ya uwanja. Alikuwa kajipangusa vumbi, kaivuta zipu ya suti mpaka kidevuni, anawapa watu mkono kulia na kushoto, na huenda, Mungu anajua, alikuwa keshaamini kuwa yale aliyosema mwanzo aliyasema mtu mwengine. Akamfikia Bi Zuweina, akainama kidogo kwa adabu.

"Ahsante sana, Bi. Safari lini?"

"Safari ya nani, mzee wangu?"

"Yetu. Ya kwangu na mtoto. Si kocha hufuatana na mchezaji wake?"

"Hufuatana," alisema Bi Zuweina taratibu. "Lakini mimi niliuliza hapa kocha nani, nikajibiwa hakuna kocha."

"Lo! Bi, ule ulikuwa mzaha. Mzaha wetu wa Kipemba. Muulize mwenyewe mtoto."

Bi Zuweina akamgeukia Rahila. Watu wakasogea wakafanya duara, Bimkubwa akiwa wa mbele, mkono kiunoni.

"Rahila, huyu ni kocha wako?"

Mabruki akamtazama mpwa wake. Alimtabasamia lile tabasamu la zamani, la alipokuwa akimpandisha mabegani ili aone vizuri, na ndani ya tabasamu lile mlikuwamo begi la magurudumu, baraza zima la Gando, na jina lake jipya ambalo bila ya hilo yeye ni Mabruki tu wa chumba cha uani. Alikuwa akimwomba. Hakuwahi kumwomba mtu kitu kwa kweli namna ile.

Rahila alijifuta vumbi usoni kwa pembe ya mtandio. Alipojibu, sauti yake ilikuwa na heshima yote ambayo mama yake alimfundisha kuwasemeza nayo wakubwa.

"Mjomba hasemi uongo, Bi. Keshasema mwenyewe mbele ya watu wote, yeye mbeba magongo."

Hapana aliyecheka. Hata vijana wa ukutani hawakucheka.

"Basi utasafiri na mama yako," alisema Bi Zuweina.

Rahila akamgeukia mjomba wake. Akalichukua gongo alilopigia, akalifuta vumbi, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Mjomba, na hili usilisahau."

Mabruki akatazama kulia, akatazama kushoto. Duara lilikuwa limefunga, watu bega kwa bega. Akanyoosha mkono, akalipokea.